Nani Aliyetunga Monopoly?

Tulianza kucheza saa mbili usiku, umeme umekatika, mishumaa miwili imesimamishwa kwenye visosi. Tulikuwa watano: mimi, binamu zangu watatu, na shangazi, ambaye alisema anakaa kutazama tu lakini baada ya dakika kumi alikuwa ameshachagua kete yake. Kufika saa tano binamu mkubwa alikuwa ameshika nusu ya ubao. Ukirusha dadu unatua kwake, unalipa. Unazunguka, unatua tena, unalipa tena. Mdogo wetu, mtoto wa darasa la tano, akauza nyumba zake, akaweka viwanja rehani, mwisho akabaki na noti moja mkononi, machozi yanamlengalenga. Shangazi akausukuma ubao pembeni.

"Hivi nani aliyetunga mchezo wa namna hii? Ndugu amle ndugu mpaka mfupa!"

Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimesoma kijitabu cha zamani kilichokuwa ndani ya boksi, nikajibu haraka kama mwanafunzi hodari: "Charles Darrow, shangazi. Mmarekani. Alikuwa hana kazi, akabuni mchezo nyumbani kwake, akawa milionea."

Ndugu msomaji, nilikosea. Na sikukosea peke yangu, maana hadithi hiyo ya Darrow ilichapwa na kusambazwa dunia nzima kwa miaka mingi. Nimeifuatilia habari yenyewe, nikaona inatuhusu zaidi sisi tunaojifunza kuandika kuliko hata wacheza dadu. Ni habari ya kazi iliyotungwa na mtu, ikalelewa na marafiki na familia kwa miaka kama thelathini, kisha ikatiwa jina la mtu mwingine. Na ilipotiwa jina hilo, nusu yake ikatupwa.

Mtunzi alikuwa mwanamke. Jina lake Elizabeth Magie, wenyewe wakimwita Lizzie, aliyezaliwa mwaka 1866 katika jimbo la Illinois. Baba yake, James Magie, alikuwa mtu wa magazeti na mpinga utumwa, mmoja wa wale waliofuatana na Abraham Lincoln alipokuwa akizunguka Illinois kujibizana majukwaani na Stephen Douglas mwaka 1858. Huyu baba ndiye aliyempa binti yake kitabu kilichombadilisha mawazo, Progress and Poverty cha Henry George, kilichotoka mwaka 1879.

Swali la George lilikuwa jepesi kuuliza na gumu kujibu: kwa nini miji inazidi kutajirika, na humohumo mafukara wanazidi kuongezeka? Jibu lake lilikuwa ardhi. Mtu ananunua kiwanja kitupu, anakaa. Wenzake wanaleta barabara, wanaleta reli, wanajenga shule na soko. Thamani ya kiwanja inapanda kila mwaka, naye hajainua hata jembe. Siku akitaka anapandisha kodi ya pango, na wale wale walioipandisha thamani kwa jasho lao ndio wanaomlipa. George akashauri serikali itoze kodi kwenye thamani ya ardhi, na iache kuitoza kazi ya mikono ya watu.

Msomaji wa Tanzania hataliona wazo hili kuwa geni sana. Mwaka 1958 Julius Nyerere aliandika makala yake "Mali ya Taifa", akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa kama shati. Mwaka 1963 Tanganyika ikaufuta kisheria umilikaji wa ardhi wa kudumu ulioachwa na wakoloni. Sisemi Nyerere alimfuata George. Nasema hoja ile aliyokuwa nayo Lizzie, kwamba ardhi haikutengenezwa na mtu, hata barazani kwetu ingepata wasikilizaji.

Lizzie hakuwa tajiri. Alikuwa karani wa hati mkato na mpiga chapa mjini Washington. Usiku aliandika mashairi na hadithi fupi, na mara nyingine alipanda jukwaani kuigiza. Mwaka 1893 alipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, kwa kifaa alichobuni cha kurahisisha karatasi kupita kwenye mashine ya chapa. Na miongoni mwa hadithi zake ipo moja inayomhusu mwandishi chipukizi wa kike anayepumbazwa akili na mtu aliyemwamini, halafu anaibiwa riwaya yake. Aliiandika miaka mingi kabla ya yeye mwenyewe kufikwa. Ajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Baada ya kazi alikuwa akifundisha watu mawazo ya George, lakini aliona hotuba hazifiki mbali. Watu wanapiga miayo. Basi akafikiri: je, kama somo hili lingekuwa mchezo, watu wakakaa mezani na kulionja wenyewe? Akauita The Landlord's Game, mchezo wa mwenye ardhi. Aliomba hataza mwaka 1903, akaipata tarehe 5 Januari 1904.

Ukiutazama ubao ule leo unaweza kudhani ni wa jana. Ni mraba. Njia inazunguka ukingoni, haina mwisho. Kuna viwanja vya kununua na kupangisha, kuna reli nne, kuna jela, na kuna kona ya kukupeleka jela. Kuna bustani ya umma. Pale ambapo siku hizi mchezaji anapita "Go" na kuchukua fedha, Lizzie alichora dunia na kuandika kwamba kazi ifanywayo juu ya Mama Ardhi ndiyo izaayo ujira. Ukimaliza mzunguko unachukua dola 100 za ujira wako. Ukiingia kwenye shamba la bwana mkubwa wa Kiingereza, ambaye hata Marekani haishi, unakwenda jela kwa kosa la kukanyaga ardhi yake. Na ukiishiwa kabisa, kuna nyumba ya mafukara inakungoja. Mwaka 1902, kabla hata ya kuomba hataza, alikuwa amekwisha kuandika katika jarida la wafuasi wa George kwamba mchezo huu ni maonyesho ya jinsi ardhi inavyonyakuliwa, pamoja na matokeo yake yote.

Lakini alitunga pia kanuni za aina ya pili, za kuchezwa kwenye ubao uleule. Kwa kanuni za kwanza unafanya tunavyofanya sote: unanunua, unahodhi, unawafilisi wenzako mpaka ubaki peke yako. Kwa kanuni za pili kodi ya kiwanja haiingii mfukoni mwa mtu, inakwenda hazina ya umma. Hazina ikinona, huduma zinakuwa za wote na ujira unapanda. Na mchezo unakwisha pale yule aliyeanza na fedha kidogo kuliko wote anapozifikisha mara mbili. Hapo wameshinda wote mezani. Alitaka watu wacheze namna zote mbili, walinganishe, halafu wajiulize wanaishi katika ipi.

Na yeye mwenyewe aliishi katika ile ya kwanza. Mwaka 1906, akilipwa dola 10 kwa wiki, alitoa tangazo gazetini la kujinadi kama mtumwa wa Kimarekani, auzwe kwa atakayetoa bei kubwa. Watu walishtuka. Alisema alitaka waone thamani ya mwanamke mfanyakazi ilivyo mbele ya waajiri. Mwaka huohuo mchezo wake ukachapwa na kampuni ndogo ya New York. Haukuuzwa sana.

Hata hivyo haukufa, maana ulipita mlango wa uani. Katika kijiji cha Arden, jimbo la Delaware, kilichoanzishwa mwaka 1900 na wafuasi wa George, watu waliucheza jioni baada ya jioni kwenye mbao walizochora wenyewe. Mmoja wa wakazi wake alikuwa Scott Nearing, mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Aliwafundisha wanafunzi wake, nao wakanakili ubao, wakaenda nao kwao likizo, wakawafundisha dada zao na wachumba zao. Aliyeupenda hakwenda dukani. Alichukua kitambaa cha kufunika meza, rula na rangi, akajichorea wake. Akaandika mitaa ya mji wake mwenyewe. Na kwa kuwa jina la asili lilikuwa refu, watu wakauita tu "monopoly", yaani ukiritimba.

Kila meza iliacha alama yake. Kule Atlantic City, mji wa ufukweni katika jimbo la New Jersey, aliufikisha mwalimu mmoja, Ruth Hoskins, aliyejifunza kwa marafiki mjini Indianapolis. Yeye na rafiki zake walikuwa waumini wa Quaker, dhehebu lilelile lililofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Mwaka 1930 hivi wakaketi wakachora ubao wenye mitaa ya mji wao: waliowahi kukaa Ventnor Avenue wakaiweka, wa Park Place na yao. Kabla ya hapo viwanja viliuzwa kwa mnada, lakini watu hawa hawakupenda kelele za mnada, basi mwenzao Jesse Raiford akaviandikia bei za kudumu kwa kufuata hali halisi ya mji. Ndiyo maana Baltic Avenue ni rahisi hivyo, dola 60 tu: ilikuwa mitaa ya watu weusi, watumishi wa mahoteli na wa nyumba za matajiri, katika mji uliowatenga. Boardwalk, mbele ya bahari, dola 400. Kwa hiyo mtoto wa leo akifurahi kuikwepa Boardwalk, anatembea juu ya ramani ya ubaguzi bila kujua.

Hapa sasa ndipo anapoingia jamaa yetu. Mwaka 1932 Charles Todd wa Philadelphia, aliyefundishwa na hao wa Atlantic City, alikutana na rafiki yake wa utotoni, Esther, ambaye alikuwa mke wa Charles Darrow. Akawakaribisha nyumbani, wakacheza. Darrow alipenda sana, akarudi tena na tena, kisha akamwomba Todd amwandikie kanuni zote. Todd akashangaa kidogo, maana mchezo ule watu walifundishana kwa mdomo, lakini urafiki ni urafiki, akampa. Darrow alikuwa hana kazi na ana familia ya kulisha, katika miaka ile mibaya ya kuanguka kwa uchumi. Akaanza kuchora mbao na kuziuza. Todd alikuwa amekosea tahajia ya mtaa mmoja, Marven Gardens, akaandika "Marvin". Darrow akanakili na kosa. Kosa hilo likachapwa kwenye mamilioni ya maboksi. Kama ni mtihani wa darasani, mwalimu angejua palepale nani katazamia kwa nani.

Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers ikaununua mchezo kwa Darrow kama uvumbuzi wake. Mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 278,000, na mwaka uliofuata zaidi ya milioni moja na laki saba. Darrow akawa milionea. Lakini kampuni iligundua kwamba ipo hataza nyingine ya Lizzie, ya mwaka 1924. Novemba 1935 George Parker mwenyewe akaenda kumwona Lizzie, aliyekuwa anakaribia umri wa miaka 70. Akampa dola 500 kwa hataza ile, bila fungu lolote la mauzo, pamoja na ahadi ya kumchapia michezo mingine miwili. Lizzie alifurahi! Alidhani sasa somo lake litafika kila nyumba. Aliandika hata barua ya kuuaga mchezo wake, kama mtu anavyomuaga mwanawe anayeondoka kwenda kusoma mbali.

Alipoona maboksi yanatoka na jina la Darrow, na kanuni za pili hazimo, akafahamu. Januari 1936 aliwaita waandishi wa magazeti ya Washington, akapigwa picha ameshika mbao zake za zamani. Akaeleza kwamba ukijumlisha mawakili, wachapaji na ada za hataza, mchezo ulikuwa umemgharimu kuliko alichopata. Habari ikatoka siku moja, ikasahauliwa. Katika sensa ya mwaka 1940, penye kazi, iliandikwa kuwa yeye ni mtengenezaji wa michezo. Penye kipato: sifuri. Alifariki mwaka 1948. Tanzia yake haikutaja mchezo, wala jiwe la kaburi lake halikutaja.

Ukweli ulifukuliwa na ubishi wa kitu kingine kabisa. Miaka ya 1970 profesa wa uchumi wa San Francisco, Ralph Anspach, alitunga mchezo aliouita Anti-Monopoly, wenye kupinga ukiritimba. Wenye Monopoly wakamjia juu kwa sababu ya jina, kesi ikafunguliwa mwaka 1974. Katika kutafuta utetezi, profesa akawapata wazee waliocheza kabla ya Darrow, na mbao zao za vitambaa bado wanazo. Todd naye akatoa ushahidi. Haikuwa lelemama: mwaka 1977, baada ya profesa kushindwa katika mahakama ya kwanza, nakala kama 40,000 za mchezo wake zilizikwa kwenye jaa la taka huko Mankato, Minnesota. Lakini mwaka 1982 mahakama ya rufaa ikampa haki, na mwaka 1983 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuitengua hukumu hiyo. Jina la Lizzie likarudi mezani, miaka 35 baada ya kifo chake.

Sasa, wenzangu mnaoandika, tusikimbilie kumtukana Darrow tukadhani tumemaliza. Kunakili si dhambi. Wote walinakili: wanafunzi wa Nearing, wale wa Atlantic City, Todd mwenyewe. Bila wao mchezo ungekufa kwenye rafu ya ofisi ya hataza. Bao letu nalo limefika hapa kwa njia hiyohiyo, kijana anaketi nyuma ya mzee kibarazani, anatazama kete 64 zinavyotembea mpaka siku atakapoambiwa "haya, kaa." Hakuna anayesema bao nimelitunga mimi. Kosa la Darrow lilianza pale alipoulizwa "umelipata wapi?" naye asimtaje hata rafiki aliyemkaribisha mezani kwake. Nasi tunaochukua hadithi kwa bibi, na maneno ya vijiweni kwa washkaji, siku tukichapwa tutaulizwa swali hilohilo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nilipomaliza kusoma haya nilirudi kwa shangazi. Nikamwambia nilimdanganya, nikamsimulia yote. Akasikiliza huku anachambua mchele. Kisha akasema, "Haya, leta hizo kanuni za pili."

Tukacheza. Katikati ya ubao tukaweka bakuli, ndiyo hazina, na kodi zote za viwanja zikaingia humo. Mdogo wetu alifurahi, maana fedha zake hazikwisha. Binamu mkubwa, kusema ukweli, alichoka mapema. "Haina utamu," akasema. "Mtu hupati hata wa kumtambia." Nami moyoni nilimkubalia kidogo. Kumla mwenzako kunanoga, hasa ukiwa wewe ndiye mlaji, na nadhani ndiyo maana nusu ile nyingine ilikuwa rahisi kuitupa.

Lakini shangazi alikuwa anawaza lake. "Huyo mama," akasema, "alitaka nikasirike siku ile, siyo?"

Ndiyo, shangazi. Alitaka ukasirike, usukume ubao, uulize swali ulilouliza. Swali lako lilikuwemo kwenye mchezo tangu mwaka 1904. Kilichotolewa kwenye boksi ni jibu. Tumeliandika nyuma ya ubao wetu kwa kalamu ya wino, kanuni za pili zote, na juu yake jina: Elizabeth Magie. Atakayetuazima ataliona, na akitaka atanakili.